Fundi Alisema Laptop Yangu ni ya Skrepa

Eti laptop yangu imezeeka? Ngojeni niwaambie.

Wiki jana fundi mmoja hapa Litein alijaribu kuiwekea system mpya, ikakataa. Ikaandika kompyuta hii ni ya zamani sana. Fundi akacheka. "Sista, hii uzia watu wa skrepa kama chuma kikuukuu, ununue ingine kwangu."

Nikarudi nyumbani na hasira. Nikampata mama shambani akipogoa miti ya chai.

"Hii miti ilipandwa na nyanya yako," akaniambia. "Ikichoka tunaikata mpaka inabaki kisiki, halafu inachipuka. Umewahi ona tukiing'oa?"

Basi nikatafuta mtandaoni vile watu huruka hicho kizuizi, nikatengeneza flash yenye hiyo system, nikaiweka mwenyewe.

Leo asubuhi imewaka na system mpya!

Nikaibeba mpaka kwa fundi, nikaifungua kwa kaunta yake, wateja wakiona.



Halafu akainama, akatoa laptop yake mwenyewe chini ya kaunta. Imeandika maneno yale yale.

"Sista, na hii unaweza nisaidia?"

Nyinyi mngemjibu aje?

Mimi nimemwonyesha tu njia ya kwenda kwa watu wa skrepa.