Kopo la Mawese Ukweni

Nikiikumbuka siku ile hadi leo najifunika uso kwa kiganja hata nikiwa peke yangu, lakini kwa kuwa mmeniomba, wacha niwaeleze, mcheke mmalize.

Nafanya kazi kwenye karakana ya plastiki hapa Rusimbi, tunayeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu, vinatoka vikombe, mabeseni na makopo. Siku niliyokuwa naenda Ujiji kujitambulisha kwa kina mchumba wangu Zuhura, msimamizi wetu dada Konsolata aliniruhusu nifyatue makopo sita angavu ya zawadi, akanisisitiza kalibu libaki na joto na kila kopo lipoe taratibu. Mimi nikaangalia saa (sijaoga, kanzu haijapigwa pasi), nikafungulia maji baridi ya kupoza kalibu mpaka mwisho, makopo yakatoka chapuchapu, yanang'aa kama kioo, nikajiona nimemzidi ujuzi.

Ukweni nilipokewa vizuri, ila mdomo ukaniponza. Nikamweleza Mzee Ramadhani, baba yake Zuhura, kwamba makopo yale nimeyatengeneza mwenyewe na hayapasuki kirahisi (hakuna aliyeniuliza). Mama mkwe akafurahi, akaenda kujaza moja mawese aliyokuwa ameyapasha kwa ajili ya samaki wetu wa migebuka, akamkabidhi mumewe aone lilivyopendeza. Mzee akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, mimi naendelea kusifia, mara ukatokea ufa mwembamba, kisha wa pili, kisha kopo likaachia lote na mawese yakashuka kwenye kanzu yake nyeupe. Nikarukia kufuta kwa leso yangu, nikazidi kuyasambaza mpaka magotini.

Zuhura akauma mtandio asicheke. Mzee akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Kijana, binti tutakupa. Vyombo atakuja navyo mwenyewe."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka huku natamani ardhi inimeze (ilikataa).

Kesho yake nikamsimulia dada Konsolata, akaniambia plastiki ikipozwa kwa pupa hubaki imejikaza kwa ndani, nje huoni kitu, ikikutana na mafuta ndipo inapasuka. Tangu hapo kopo langu halitoki karakanani mpaka nilijaze mawese likae siku tatu, na likivuja nalivunja bila kumwambia mtu. Zawadi za ukweni nanunua dukani.