Ratili Mia Moja na Nne za Maini

Jambo lote lilinigharimu ratili mia moja na nne za maini na figo, pamoja na mgongo wa baba yangu. Ratili nilizihesabu mara mbili. Mgongo ni ule niliokuwa nikiufuata kila Desemba, yeye mbele na sanduku kichwani, mimi nyuma na blanketi, tukitoka shamba la mzungu kule Moiben mpaka stesheni ya Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, kupanda gari la moshi kwenda kwetu magharibi. Alitembea kama mtu anayefuatwa na askari wa kodi. Hakugeuka kuniangalia. Alikohoa tu, nami nikakohoa, akajua nipo.

Nilipokua nikapata kazi kwenye bucha mjini. Nikapatana na msimamizi: nitasugua sakafu Jumamosi, anipe ratili mbili za maini na figo.

"Moja," akasema.

"Sakafu ina pembe nne. Nisugue mbili?"

Akacheka, akapima mbili. Nikapima tena.

Kwetu maini na figo ni za mwenye boma. Kijana akimpelekea baba yake hizo, hahitaji kusema kitu kingine. Basi kila wiki, mwaka mzima, niliendesha baiskeli mpaka Moiben, mfuko ukining'inia kwenye usukani.

Katikati ya mwaka kidole gumba cha mguu wake kikavimba, kikawa chekundu, kinang'aa. Hakustahimili hata blanketi.

"Nzi akitua nasikia," aliniambia. "Lakini bwana mwenye shamba naye anaumwa kidole hiki hiki. Tumelingana."

"Na mshahara?"

"Huo bado uko njiani."

Nilidhani ni upungufu wa damu. Nikasisitiza maini. Kidole kilipoa, kikarudi, kikaita kifundo na goti. Desemba ilipofika hakuweza kwenda stesheni. Nikampakia kwenye baiskeli, nikamsukuma mpaka kwa dresa wa zahanati.

"Hii ni jongo," dresa akasema. "Mzee anakula nini?"

Nikajibu kwa fahari, na hesabu juu.

"Basi ni wewe unayemletea maumivu kwa baiskeli." Akaeleza taratibu. Mwili ukivunja nyama kama hizo, hubaki taka iitwayo asidi ya yuriki. Figo zinatakiwa kuitoa kwa mkojo. Ikizidi, inaganda kwenye kiungo, chembe kali kama sindano. "Si chakula peke yake. Wengine wamezaliwa na figo zisizopenda kuiachia. Hata wewe jiangalie."

Njiani nikamwuliza baba kama alikuwa ameona kwamba kidole kinawaka kila baada ya mfuko wangu.

"Niliona."

"Mbona ulikula?"

Alijibu tulipokwisha kupita daraja. "Ningekataa, ungefikiri nakukataa wewe."

Vidonge vya dresa vilituliza moto, na maini tukaacha. Lakini viungo vilikuwa vimeshaharibika, akabaki na fimbo. Hatukutembea tena kwenda stesheni. Miaka michache baadaye nilimzika kwetu. Kwenye njia ile ya Moiben bado nakohoa, nasikiliza.

Sasa kidole changu mwenyewe kimeanza. Binti yangu ameolewa Ainabkoi, na kila akija huniletea maini kwenye kitambaa cheupe, amechagua mwenyewe, anakaa kuniangalia nikitafuna. Nimekula mara sita. Nimehesabu tena, ni saba. Wewe unayesoma, kama una mtoto wa namna hii, nishauri: nimwambie kwa maneno gani, asije akafikiri ni yeye ninayemkataa? Anakuja Jumamosi.