Kaburi Lisilofagiwa

Mwalimu Twaiba alifundisha chekechea pale Munje mpaka mvi zikamjaa, na wanafunzi wake wote, hata waliosahau kusoma, kufagia wanajua. Akipita kwa mtu asubuhi akakuta majani uani, hata salamu aliitoa nusu.

Mama yake hakuwa hivyo. Uani alifagia, ila upande wa bahari aliuacha mlakasa utambae, na maua yake ya zambarau, mpaka juu ya kilima cha mchanga. Twaiba mdogo na wenzake waliteremka pale kwa makalio, wamekalia makuti, wakicheka mpaka kwikwi. Akielekea huko na ufagio wa chelewa, mama humzuia.

"Huko muachie mwenyewe."

Mwenyewe nani, hakusema. Enzi hizo, jamani! Kilima kilikuwa kirefu, bahari huioni mpaka ukipande.

Mama alipofariki akazikwa nyuma ya kilima hicho. Twaiba, kwa mapenzi ya binti, aling'oa kila jani akafagia mpaka ufukweni, miaka nenda miaka rudi. Upepo ukabeba mchanga, mawimbi yakala uliobaki. Siku alipoona maji yamelikaribia kaburi, alikimbilia shuleni kuomba shauri.

"Yale majani ndiyo yaliyokuwa yakiushika mchanga," Kaingu, mwalimu wa shule ya msingi, akamwambia kwa upole. Kaingu akaleta wanafunzi wake, wakapanda mlakasa pale palipokuwa na kilima. Twaiba akawa anawachotea maji. Mlakasa ukatambaa, mchanga ukaanza kujikusanya, naye akaanza kulala usingizi.

Kuamkia Idd alikwenda kumzuru mama. Akakuta mchanga mweupe, mtupu, umefagiwa vizuri mno. Mlakasa wote umerundikwa kando ukingoja moto. Mbele ya watoto alisimama Husna, mwanafunzi wake wa zamani, ufagio mkononi, meno yote nje.

"Shikamoo mwalimu! Tumemsafishia bibi kaburi lake, kesho Idd."

Twaiba akafungua mdomo afoke. Kisha akaiona mistari ya ufagio mchangani: imelala upande mmoja, haikatani, kama alivyowafundisha walipokuwa chekechea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ungemkaripia nani hapo? Machozi yakamtoka mbele yao wote.

"Mwalimu, tumekosea?"

"Mimi ndiye niliyewafundisha, mwanangu."

Aliinama kwenye rundo, akavuta utambazi mmoja. Mizizi yake ilikuwa bado mibichi. Akajifunga kanga kiunoni.

"Haya, chimbeni. Fukieni kila kifundo, kisha mkalete maji. Na fagio hizo nipeni mimi."

Walifukia mpaka adhana ya magharibi. Mwingine ulikufa, mwingi ukashika.

Idd kadhaa zimepita tangu siku ile. Mwaka huu jirani yake Mishi, ambaye hana siri moyoni, alimfuata hadi makaburini akashika kiuno.

"Weye Twaiba, ufagio wote ule, leo kaburi la mamako limekushinda? Limejaa majani hata halionekani!"

"Alhamdulillahi," akajibu Twaiba. "Huku nimemuachia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Twaiba alicheka peke yake, akapangusa macho kwa pindo la kanga. Mawimbi aliyasikia yakipiga upande wa pili wa kilima. Bahari yenyewe, pale aliposimama, hakuiona.