Tiketi ya Baba Vailet

Tiketi ya kwanza ilipokuja, Mama Vailet alipeleka jogoo kanisani. Ndiyo, jogoo! Mzee wa kanisa alimnadi baada ya ibada, bei ikapanda, watu wakacheka, mchungaji akaombea safari. Nani pale kijijini Sigino aliwahi kutumiwa tiketi ya ndege bure? Mumewe, Herieli, alikuwa akinunua na kuuza mbaazi, ana Fuso lake, ana duka Babati mjini, na shamba la urithi juu yake. Alisema matajiri wa Dar es Salaam wanamwita kwenye biashara. Majirani wakasema mtu anayetumiwa tiketi si mtu mdogo, na Eliakunda, maana ndilo jina lake huyo mama, aliamini kuliko wote. Masikini mama wa watu!

Basi Herieli akawa mtu wa kwenda na kurudi. Anapanda gari mpaka Arusha, halafu ndege, hata usingizi haujamkolea yuko Dar. Ijumaa anaondoka na koti lake, Jumatatu yuko mezani, ugali haushuki. Akiulizwa anajibu, "Biashara ina kupanda na kushuka, mke wangu." Fuso likauzwa. Duka nalo likafuata. Na tiketi ikija, Eliakunda anashukuru tena, kwamba angalau wale matajiri hawajamtupa mumewe.

Kisha ikaja tiketi ya watu wawili.

Dereva aliwapokea uwanjani, "Karibu bosi, karibu mama." Hoteli bure, chakula bure. Jioni Herieli akamwingiza kwenye ukumbi usio na dirisha hata moja, mashine zinalialia, watu wazima wamekodolea macho karata na kigurudumu. Kasino! Eliakunda aliona vizuri pesa za mbaazi zinakoishia. Lakini kuna jambo moja halikumwingia akilini, akamfuata binti aliyekuwa akigawa soda.

"Mwanangu, hizi tiketi za ndege mnampa kila mtu?"

"Shikamoo mama. Hapana, ni kwa wanaocheza pesa nyingi tu."

"Na asiye na kitu?"

Binti akaona aibu kidogo. "Asiye na kitu hatumiwi, mama."

Loo! Alilia chooni mpaka sauti ikamkauka. Kumbe kwa yule jogoo alikuwa amemshukuru Mungu kwa kisu kinachomchinja yeye mwenyewe! Aliporudi nyumbani hakumwambia mtu, maana aibu ya nyumba haianikwi uani.

Lilikuwa limebaki shamba peke yake. Ndilo lililowalisha, ndilo lililomsomesha Vailet, na pembeni yake amelala baba mkwe. Eliakunda alimpigisha mumewe magoti pale kaburini. "Niapie hutaliuza." Herieli akaapa, machozi yanamtoka, na tuseme ukweli, siku ile hakuwa anadanganya.

Tiketi zikakatika. Wale wa kasino walishajua hana kitu. Mwezi ukapita, msimu ukapita, simu kimya, na Eliakunda akaanza kulala usingizi. Heri umaskini! Majirani wakimpa pole kwamba matajiri wamemsahau mumewe, anaitikia "tumshukuru Mungu," nao wanamwona mama mwenye imani kweli kweli. Kila siku ambayo tiketi haikuja, alijua shamba lake lipo.

Mwaka huu mbaazi zimekubali. Wanawake wa jirani walikuja kumsaidia kuvuna, wanataniana, chai iko kwenye ndoo pembeni. Mara Herieli huyo, anapanda mbio kutoka barabarani, simu ameiinua juu.

"Mama Vailet! Tiketi imekuja! Wamenikumbuka!"

Vigelegele! Mama Zawadi, jirani yake, akamkumbatia. "Mwenzangu, safari hii jogoo hatoshi. Toa ng'ombe!"

Matawi ya mbaazi yakiwa bado mkononi, Eliakunda akakaa chini palepale kwenye udongo.

"Herieli," aliita. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina mbele za watu. "Shamba umemuuzia nani?"

Herieli alishusha simu taratibu, akatazama kwenye kaburi la baba yake, akageuza uso.

"Ni mtu mwema," alisema. "Amekubali tumalize kwanza kuvuna."