Bamba la Bembea ya Mzee Vallabhdas

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa za Dubai zikaanza kujaa Kariakoo, kila mwenye duka alitaka mlango wa chuma. Heriel, Mchaga aliyekuwa na karakana ndogo ya kuchomelea vyuma upande wa Msimbazi, hakukosa kazi. Kwa hiyo alishangaa Mama Jasumati, muuza vitambaa wa mtaa wa pili, alipomwomba akamfungie bembea.

Ilikuwa bembea ya mbao ya sebuleni, ghorofani, iliyoning'inia kwa minyororo kutoka kwenye boriti. Mumewe, Mzee Vallabhdas, aliikalia kila jioni, mpaka kulabu moja ilipochomoka kwenye boriti akaanguka. Hakuvunjika popote, ila tangu hapo alikuwa akinywa chai chumbani, peke yake.

Heriel aliigonga boriti. Ilikuwa nzima, kulabu tu ndizo zilikuwa zimeshika juujuu. Akaitoboa mpaka upande wa pili, akapitisha bolti ndefu zenye kulabu, na kule juu, chini ya nati, akaweka bamba pana la chuma.

"Mbona chuma kizuri unakificha darini?" Mama Jasumati aliuliza.

"Hicho ndicho kitakachobeba, mama. Bila bamba, nati itaila boriti mpaka izame. Bamba linatawanya uzito."

Mzee Vallabhdas alikuwa amesimama mlangoni. Heriel akamwamkia.

"Marahaba. Nani kakufundisha hayo?"

"Jeshini, mzee. Tulitengeneza magari ya deraya, yale ya vita. Risasi inaweza isipenye, lakini chuma kikamegeka kwa ndani, vipande vikaruka. Rafiki yangu Eliasi alipoteza jicho hivyo. Ndipo tukaanza kuweka bamba la pili kwa nyuma, lizuie vipande. Tangu hapo huangalia kwanza upande usioonekana."

Heriel hakuwa amemtaja Eliasi mbele ya mtu kwa miaka mingi.

"Yuko wapi sasa?"

"Machame. Analima kahawa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Haya, kaa wewe kwanza."

Heriel akakaa, akajirusharusha kwa uzito wake wote. Minyororo ililia, boriti haikutikisika. Aliposimama, mzee akakaa polepole, mikono yote miwili imeng'ang'ania minyororo. Mama Jasumati akaleta chai, akasubiri na kikombe mpaka mumewe alipoachia mkono mmoja kukipokea.

Baada ya hapo Heriel hakuweza kupita mtaa ule bila kuitwa juu. Mzee alipenda kumsimulia kriketi, mchezo ambao Heriel hakuwahi kuuelewa hata kidogo.