Swichi ya Msumeno wa Baba

Ule ulikuwa mwaka wa yanga. Ukimwambia hivyo mtu wa rika langu, hakuulizi tarehe. Mahindi yetu meupe yaliisha ghalani kabla ya masika, tukaletewa unga wa njano wenye harufu ya gunia, tukauita yanga. Ugali wake ulikuwa na utamu usio na maana, kama vile mtu kakosea sufuria. Tuliula na majani ya maboga, mara nyingi bila chumvi, maana chumvi nayo ilikuwa adimu. Ukiipata unaificha chini ya kitanda. Ulanzi tu ndio haukutuangusha. Mianzi iliendelea kutoa, na wazee waliendelea kunywa.

Juzi nilikuwa Mbalizi natafuta mbegu za viazi, nikapita nyuma ya karakana moja. Harufu ya mbao mbichi za msindano ikanipiga usoni. Nikasimama katikati ya njia, watu wananikwepa na mizigo yao, kijana mmoja akaniambia, "Bibi, utagongwa!" Hakujua kwamba wakati ule sikuwa Mbalizi. Nilikuwa nyumbani, kilimani juu ya Mgololo, nina ufagio mkononi, nazoa maranda ya baba.

Baba alikuwa seremala. Tena seremala wa kweli, si wa kupigilia misumari tu. Mbao alizipasua kwa mkono: gogo linapandishwa juu ya vichanja, baba anasimama juu yake, jirani yetu anasimama chini, wanavuta msumeno mrefu huyu juu huyu chini. Unga wa mbao ulimshukia jirani machoni siku nzima, ndio maana alikuwa na macho mekundu hata siku ambayo hajagusa ulanzi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huwaoni, unasikia tu khwaa, khwaa, na mmoja akimtukana mwenzake kwamba havuti.

Kisha nguzo za umeme zikafika kwetu, na baba akapata wazimu. Aliuza ng'ombe, akaenda Mbeya, akarudi amekaa nyuma ya lori pamoja na msumeno wa mviringo, mpya, wa kijani, meno yake yanang'aa. Alishuka hakutusalimia. Aliupapasa kwanza ule msumeno.

Wa kuunganisha umeme alikuwepo, na hapo ndipo ninapotaka ufike, rafiki yangu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha karatasi, upande wa mafundi umeme. Alianza kwa kufagia, akaishia kupanda ngazi. Jumamosi alikuja kwetu na suruali ndani ya kitenge, bisibisi ya kupimia umeme kaichomeka kwenye kilemba. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mwanamke yule nilimsoma mpaka mwisho.

"Huyu angezaliwa mwanaume!" jirani alisema.

"Ningezaliwa mwanaume," shangazi akamjibu bila kugeuka, "saa hizi ningekuwa nimekaa hapo na wewe, nimelewa."

Alianza na shimo. Alisema mashine ya chuma lazima iwe na waya wa kijani unaokwenda ardhini, ili umeme ukipotea njia uende udongoni, usipite kwa mtu. Akatutuma sisi watoto mkaa. Tukaleta. Akatutuma chumvi. Tukaangaliana. Akaingia mwenyewe chini ya kitanda cha mama, akatoka na mfuko mzima, akaumimina shimoni kuzunguka nondo ya shaba aliyoisimika humo, akamwagia maji, ili udongo uupokee umeme vizuri.

Mama alipiga ukelele ambao nadhani Mgololo waliusikia. "Wifi! Chumvi unaizika?"

"Naizika, wifi yangu. Bora nizike chumvi kuliko kumzika mume wako."

Mama akauokota mfuko mtupu, akaukung'uta. Tulikula majani matupu mpaka mavuno, na hakuna aliyeuliza tena.

Tatizo likawa swichi. Baba alikuwa ameinunua sokoni Mwanjelwa, huko huko Mbeya, swichi ndogo nyeupe ya kuwashia taa, kaipigilia kwenye kipande cha ubao. Shangazi aliigeuzageuza kama yai bovu. Hii ni ya sebuleni, akasema. Msumeno unataka swichi ya kwake, ndani ya boksi la chuma lisiloingia vumbi, yenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu, na chekundu kiwe kikubwa, karibu na mkono. Tena iwe ile ambayo umeme ukikatika inajifyatua. Umeme ukirudi, mashine inabaki imelala mpaka mtu aibonyeze. Na umeme wetu ulikuwa unakatika kila mara. Shangazi aliagiza ile ya kwake kwa dereva wa lori, tukae tusubiri.

Lakini baba alikuwa ameshatangaza. Jumapili baada ya misa watu walijaa karakana, salamu za "Kamwene, kamwene" zisizoisha, ulanzi kwa ndoo, jogoo wawili chunguni. Padre alikuja na maji ya baraka, akaunyunyizia msumeno kila upande mpaka sakafu ikalowa. Ulanzi uliomwagika ukamalizia palipobaki pakavu.

"Haya dada," baba akasema, kifua mbele. "Unganisha, watu waone."

"Msumeno siuwashi, mdogo wangu. Swichi ije kwanza."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Baba hakucheka. Shangazi akavua mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye msumeno, akaburuta mota peke yake mpaka pakavu mlangoni, akaiunganisha na ile swichi nyeupe ya baba. Akampa baba ubua wa mahindi, mrefu kama fimbo ya kuchungia. "Huu ndio mkono wako leo. Washa."

Baba akawasha, mota ikanguruma, watu wakapiga vigelegele. Shangazi akaenda ukutani kwenye meni swichi, ile kubwa ya kukatia umeme wote, akaishusha. Kimya.

"Umeme umekatika," akasema. "Na ubao umekunasia kwenye meno. Unafanyaje?"

"Nautoa," baba akasema, kama mtu anayeulizwa jina lake, akaingiza ubua kwenye tundu za gurudumu la mota. Swichi nyeupe hakuigusa, bado imewashwa. Nani angeikumbuka? Hakuna mtu pale aliyeikumbuka.

Shangazi akapandisha meni swichi. Mota ikaruka kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Ubua ukasagwa mkononi mwa baba, kipande kikamrukia jirani mpaka ndani ya kikombe chake cha ulanzi. Baba alibaki ameshika kishina. Jirani aliangalia kikombe, akakiweka chini. Sikuwahi kumwona akiacha ulanzi kabla ya siku ile.

Padre ndiye aliyejaribu kutuliza, akamgeukia shangazi. "Mama, tumeshaubariki. Mungu atamlinda. Uwashe kidogo tu, wageni wafurahi."

"Mungu ameshamlinda, Padre. Ndiyo maana mimi nipo hapa."

Swichi ilikuja lori lilipokuja, ya chuma, yenye kitufe chake chekundu. Baba alipasua mbao za nusu ya wilaya. Tulipomkunjia mikono kifuani, amezeeka, vidole vyake vyote vilikuwepo, na mama aliviangalia kimoja kimoja. Sasa wote wameondoka, na shangazi naye. Karakana ni shamba la viazi. Misindano ilikatwa, ukungu wenyewe siku hizi unakuja kwa kusuasua, na mtoto ukimtajia yanga anafikiri unataja mpira. Mafundi wapo, wengi, wana vyeti. Lakini mwambie fundi wa leo, mbele ya wageni, "washa", uone kama hatawasha.

Lakini Jumapili ile, ubua uliposagwa, watu walikuwa wameanza kuinuka, wananong'ona, wengine wanacheka chini kwa chini. Baba alikuwa ameuza ng'ombe, amelisha kijiji kizima, na mashine yake imekaa kimya. Nikamwona akienda mpaka mbele ya shangazi, na pale kwenye tope la ulanzi na maji ya baraka akapiga magoti, mwanaume mzima, machozi yamemlenga. "Dada. Mara moja tu. Usiniaibishe."

Shangazi akainama, akamshika mikono yote miwili, akaishikilia. Naye alikuwa analia.

"Msumeno siuwashi, mdogo wangu. Swichi ije kwanza."