Hapa Hakuna Mgeni

Simu ya ofisi ya uhamiaji ilinikuta kando ya mfereji wa Old Moshi, nikipima kasi ya maji kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Afisa alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Walikuwa wamekuja kuhakiki makazi niliyoyataja nilipoomba kuongezewa muda wa kibali cha ukaazi. Walifika hadi kwenye nyumba yenyewe, na hakuna aliyemfahamu Mkenya yeyote.

"Kwa taarifa tuliyo nayo," alisema, "huishi unaposema unaishi."

Nilikuwa nikilala katika nyumba ile tangu nilipovuka mpaka wa Holili na begi langu. Ombi likikataliwa, ningerudishwa kwetu kabla ya masika, na utafiti unaotegemea masika ungefia hapo.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mjane wa Kilutheri aliyenipangisha chumba. Ng'ombe wake hufugwa zizini, kwa hiyo yeye hushinda nyumbani. Haikuwezekana maafisa wafike asiwaone. Ama alikuwa amenikana kwa hiari yake, ama kuna mtu aliyemtuma anikane. Sikupata uwezekano wa tatu, na nilikuwa nimeutafuta kwa bidii.

Jioni nilimjaribu.

"Shikamoo Bibi. Wiki hii kulikuja watu wa mjini?"

"Marahaba. Watu wa mjini huja kununua ndizi," alisema, akanisogezea sahani ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. "Kula, maharage yakipoa hayana maana."

Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Nikagundua pia kwamba sahani yangu imejazwa kuliko kawaida, nikajiuliza kama hivyo ndivyo anavyolishwa mtu anayeagwa. Tangu siku hiyo pasipoti yangu ilishinda nami mferejini, ndani ya mfuko wa vipimo.

Aliyeutuma ulimi wa Bibi, kwa hesabu zangu, alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee aliyestaafu kazi ya kuongoza watalii mlimani. Tulipokutana njiani hakukosa kuniuliza, "Baba anakuja lini?" Baba yangu hajawahi kukanyaga Tanzania. Niliamini mzee ananichimba, apate la kupeleka ofisini. Nikamfuata kwake.

"Shikamoo mzee. Nani aliwaambia maafisa kwamba siishi hapa?"

"Marahaba. Mimi," alisema, bila hata kuacha kumenya ndizi. "Bibi alianza, mimi nikamalizia. Waliuliza kama kwake kuna Mkenya. Nikawaambia hakuna mgeni pale, kuna mjukuu tu."

"Huyo Mkenya ni mimi, mzee."

"Acha mzaha. Wewe ni mtoto wa rafiki yangu, yule mwana wa Bibi aliyekwenda Mombasa akatusahau. Hata pua ni ile ile."

Nilikaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Huku juu, mtu mpya hupelekwa kwa balozi atambulishwe, nami nilipelekwa Jumapili yangu ya kwanza. Bibi alieleza kwa Kichagga, balozi akanitazama sana, nami nikatabasamu na kusema aika, ahsante, neno pekee nililokuwa nalo. Kumbe nilikuwa nashukuru kwa kupewa baba.

Bibi nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Hakujitetea.

"Walikuja na gari, wakataja Kenya. Nikajua wanataka kukuchukua."

"Watanichukua kwa sababu umesema sipo, Bibi."

"Mtu wa nyumbani haulizwi karatasi."

"Mimi huulizwa."

Alikata majani kwa muda. Kisha aliingia ndani kutafuta kitenge chake cha kanisani, na kesho yake tulishuka mjini sote watatu, balozi akiwa amenuna kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa.

Afisa alimweka Bibi kwenye kiti. "Huyu ni nani wako?"

Nilimtazama midomo. Nilikuwa na hakika angerudia uongo wake, kwa maana ulimpendeza kuliko ukweli.

"Ni Mkenya," alisema hatimaye. "Ana mama yake huko, ana baba yake. Kwangu analala na kula."

"Kwa hiyo ni mgeni wako."

"Mgeni umesema wewe. Mimi nimesema Mkenya."

Afisa aliandika, balozi akatia sahihi chini yake, akimtupia Bibi jicho. "Na mwanao je?" alimnong'oneza. Bibi alirekebisha kitenge.

Kibali kilitoka. Nilikichapisha mjini nikampelekea, nikidhani atafurahi. Alikisogeza mwangani, akakisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, hadi kikasimama.

"Na hii tarehe?"

"Ni siku kinapokwisha, Bibi."

"Kumbe wamekupangia na siku ya kuondoka."

"Naweza kuomba tena."

"Unaweza," alisema, akanirudishia.

Sijui kama siku ile maafisa walipokuja alikuwa akinificha mimi, au akimlinda yule mwanawe aliyekwenda Mombasa asipotee mara ya pili. Sijathubutu kumuuliza. Najua tu kwamba sasa yeye ndiye anayenichunguza. Nikitoka na mfuko wa vipimo, huacha kazi aliyo nayo, huja hadi penye uzio, huuangalia mfuko umejaa kiasi gani, na kuniuliza kama nitarudi kula.